SOMO LA AFYA: KARO LA NYUMBANI NA MAJI YA JIRANI



Katika mji wetu wa Songea, huko Mfaranyaki, Lizaboni, Bombambili na penginepo, zimo nyumba zenye vyoo vya kumwaga maji. Mtu humwaga maji, uchafu hutoweka machoni pake, naye hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Uchafu umehamia chini ya uwanja wake, ndani ya karo, na huko waendelea na safari yake. Basi yatupasa kujua karo hufanyaje kazi na hutunzwaje, kwa maana likiharibika, aumiaye kwanza mara nyingi si mwenye nyumba, bali ni jirani anywaye maji ya kisima, au kibarua atumwaye kulizibua.

1. Karo hufanyaje kazi?

Karo ni chumba cha matofali au zege chini ya ardhi, kilichosakafiwa kisivuje. Mfaransa Mouras alipata hati ya ubunifu wa chumba cha namna hii mwaka 1881, na tangu hapo kimeenea duniani kote. Ndani yake maji hutulia. Vitu vizito huzama vikawa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea vikawa utando. Katikati hubaki maji. Vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu ya tope. Maji ya katikati hutoka polepole kwa bomba, yakaingia katika shimo la kunywea, ambalo halikusakafiwa, na udongo huyachuja.

Wako wasemao kwamba karo lililojengwa vema halijai kamwe. Wamekosea. Vijidudu hula sehemu tu. Iliyobaki huongezeka mwaka kwa mwaka. Tope likipanda mno, maji hayapati nafasi ya kutulia. Ndipo tope hutoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo la kunywea. Kunyonya tope karoni ni kazi ya siku moja. Lakini shimo la kunywea lililokwisha kuzibwa, mara nyingi halina dawa ila kuchimba jingine.

2. Kwa nini ni jambo la jirani?

Maji yatokayo karoni si safi, hata yakionekana meupe. Yamepunguzwa tope tu. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara vyaweza kuwamo bado. Udongo ndio umalizao kazi, nao hauwezi usipopewa nafasi.

Tazameni mambo ya London mwaka 1854. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja, na tabibu John Snow alionyesha ya kuwa wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja. Mwaka uliofuata watu walichimba pale, wakakuta shimo la uchafu la nyumba moja lililo karibu mno na kisima, pungufu ya mita 1, na matofali yake yamelegea, yavuja. Wenye nyumba hawakukusudia kumdhuru mtu. Shimo halikuangaliwa, basi.

Nasi tusiseme kwamba hayo ni ya mbali. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania. Hapa Songea mvua huanza Novemba au Desemba, ikaendelea hata Aprili. Wakati huo maji ya ardhini hupanda yakakaribia mashimo yetu, na uchafu ulio juu huchukuliwa hata vijitoni. Kwa hiyo ile desturi mbaya ya kutapisha choo, yaani kukifungulia mvua inaponyesha ili uchafu uchukuliwe, ni kumpelekea sumu mtu akaaye bondeni.

3. Kanuni za utunzaji

Kwanza, shimo la kunywea liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, wala lisiwe upande wa juu wa kisima.

Pili, pima tope kila mwaka, kabla ya mvua. Funga kitambaa cheupe katika fimbo ndefu, uishushe polepole hata chini ya karo, uiache kidogo, kisha uitoe. Sehemu iliyoshika tope jeusi itaonekana. Likifika theluthi moja ya kina, ita gari la kunyonya maji taka. Kwa nyumba nyingi huwa baada ya miaka 3 hata 5.

Tatu, choo si jalala. Usitupe magunzi, matambara, nepi, pedi wala plastiki. Wala usimwage mafuta ya kupikia. Dawa kali za kusafishia zikizidi huua vijidudu vifanyavyo kazi karoni.

Nne, maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe karoni. Hulijaza ghafula na kulitibua tope.

Tano, tope lililotolewa lisimwagwe shambani wala bustani ya mboga. Mayai ya mchango huweza kuishi udongoni mwaka mzima na zaidi. Wenye gari walipeleke mahali palipowekwa na mamlaka ya maji.

4. Asishuke mtu

Kanuni hii ni kubwa kuliko zote. Ndani ya karo tope huzaa hewa za sumu. Moja hunuka kama yai viza. Lakini ikizidi hulemaza pua, mtu asisikie harufu tena, akadhani hatari imepita, kumbe ndiyo imefika. Nyingine haina harufu nayo huwaka moto. Kwa hiyo usimulike karoni kwa kiberiti wala kibatari, wala usivute sigara hapo.

Mtu ashukaye huweza kuanguka mara moja. Mwenzake humwona, humfuata kwa huruma, naye huanguka. Hivyo kifo kimoja huwa viwili au vitatu. Akianguka mtu, msimfuate: pigeni kelele, waondoeni watoto, piteni simu ya Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Na mwenye nyumba asimshawishi kijana maskini kwa fedha kidogo ashuke na ndoo. Gharama ya gari ni kubwa, ni kweli. Lakini majirani wawili au watatu waweza kuliita siku moja na kupatana bei na mwenye gari.

Mfuniko uwe wa zege, mzima, mzito, asiweze mtoto kuuinua.

5. Maswali ya kuzungumza

Walimu waweza kuyatumia pamoja na wazee wa mtaa kabla ya mvua.

Karo langu lilipimwa lini?
Kisima kilicho karibu nalo ni cha nani, nacho kiko umbali gani?
Mfuniko wake ni mzima?
Watu wa nyumba yangu wajua kwamba asishuke mtu?

Asiyeweza kujibu na achukue fimbo na kitambaa juma hili, kabla wingu la kwanza halijasimama juu ya Matogoro.