Mtoto wa Makabila Mawili



Kuanzia Matulo hadi Kitale ziko nyumba nyingi ambamo baba ni Mbukusu na mama Mkikuyu, au baba Mteso na mama Msabaoti. Wengine walikutana Webuye, enzi za kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009. Wengine ni watoto wa wahamiaji waliopata mashamba Trans Nzoia baada ya Uhuru.

Ninyi mlichaguana. Mtoto hakuchagua. Katika mapigano ya 1991 na 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 walikufa na wapatao 600,000 wakakimbia makwao, ziko nyumba za namna hii zilizovunjika: mama akarudi kwao, watoto wakabaki kwa baba.

Lakini mtoto husikia neno la ukabila kwanza mezani. Chumvi imezidi, au fedha zimepotea, na mume anasema, “Watu wa kwenu ndivyo mlivyo.” Mke naye anajibu kuhusu wakwe zake. Mtoto anayekula ugali pale ni wa pande zote mbili. Kila tusi limempata yeye. Gombaneni juu ya chumvi, basi, na kabila liacheni.

Lugha nayo ina kazi. Kiswahili peke yake kinafaa nyumbani, ila mtoto asiyeweza kumsalimu bibi yake mzaa mama kwa lugha yake hukaa kwake kama mgeni.

Halafu kuna tohara. Kwa Wabukusu ni Agosti ya miaka shufwa. Zungumzeni mapema, si siku ambayo kijana ameshashika njuga na wajomba hawajaambiwa lolote. Katiba ya 2010 imewapa baba na mama wajibu ulio sawa juu ya mtoto. Jambo hili si geni: Timoteo, mama Myahudi na baba Mgiriki, alitahiriwa akiwa tayari mtu mzima, kwa sababu ya Wayahudi wa sehemu zile (Mdo 16:3).

Akiulizwa shuleni kabila lake, azoee kutaja yote mawili bila kushusha sauti. Na likizo ya Desemba, ikiwa mwaka jana mlikwenda kwa baba, mwaka huu nendeni kwa mama. Nauli iwekeni kando tangu Septemba, maana ndiyo kisingizio cha kila mwaka.