Nimeokoka, kanisa la nini tena?

SWALI: Nimeokoka, nasali na kusoma Biblia nyumbani kwangu Ntinda. Je, lazima niandikishwe kanisani?

JIBU: Ndugu yangu, daftari la parokia halimwokoi mtu. Lakini watazame Balokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Uganda. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ukaenea Afrika Mashariki. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uamsho huo, William Nagenda akiwamo, walifukuzwa kutoka chuo cha teolojia cha Kianglikana cha Mukono. Balokole wangeweza kuanzisha dhehebu lao (Kampala haijawahi kukosa madhehebu!), ila wengi walibaki Waanglikana, wakikutana na kuungama dhambi mbele ya wenzao. Wewe peke yako sebuleni, nani atakukosoa? Jiandikishe, hata kama mahubiri yanakuchosha.