Jibini Laini ya Majani ya Kukolezea: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani kwa Usalama

Katika majokofu ya maduka makubwa ya jijini Mwanza huuzwa jibini laini ya kupaka kwenye mkate, nyingine ikiwa imechanganywa na kitunguu saumu, nyingine na majani ya kukolezea. Kwa kuwa nyingi hutoka nje ya nchi, bei yake si ya kila kaya. Ndiyo maana walaji hutuuliza kama inawezekana kuitengeneza nyumbani kwa maziwa ya ng'ombe wanayoletewa mlangoni kila asubuhi. Jibu letu ni kwamba inawezekana, na kazi yenyewe haizidi saa mbili na nusu.

Ugandishaji wa maziwa si jambo geni katika ukanda huu. Wasukuma wamegandisha maziwa ndani ya vibuyu na kuyasukasuka ili kupata siagi na samli kwa vizazi vingi. Kilicho kipya ni jibini yenyewe, pamoja na desturi ya kuitia majani mabichi. Hapo ndipo penye hatari tunayotaka msomaji aielewe kabla hajawasha jiko. Maelekezo mengi ya upishi humtaka mtu achemshe maziwa, ayagandishe, ayachuje, kisha mwishoni kabisa achanganye giligilani na kitunguu saumu vikiwa vibichi. Kwa ladha, utaratibu huo hauna kasoro. Kwa usalama, unaondoa vimelea kwa moto na kuvirudisha kwa kisu. Katika somo hili tumegeuza utaratibu huo.

Maziwa unayouziwa

Maziwa mengi yanayoingia jijini kutoka Misungwi, Magu na maeneo mengine ya wafugaji hubebwa kwa baiskeli au pikipiki, yakiwa mabichi na bila kupozwa. Hatusemi kwamba maziwa hayo ni mabaya. Tunasema kwamba yanahitaji moto, na hakuna sifa ya muuzaji, hata awe jirani wa miaka mingi, inayoweza kuwa badala ya moto. Ng'ombe au mbuzi mwenye ugonjwa wa brusela, ule unaosababisha wanyama kutupa mimba, anaweza kuonekana mzima huku maziwa yake yana vimelea. Kwa binadamu ugonjwa huo huleta homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo. Dalili hizo hufanana mno na malaria na homa ya matumbo, magonjwa ambayo mkazi wa kandokando ya Ziwa Victoria huyafikiria kwanza. Mgonjwa anaweza kumeza dawa zisizomfaa kwa muda mrefu kabla ya kupimwa inavyostahili, na tiba yenyewe inapopatikana huchukua takriban wiki sita. Jibini laini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi ni mojawapo ya njia zinazojulikana sana za kupata maradhi hayo, kwa kuwa vimelea vya brusela vinaweza kuishi ndani yake kwa wiki kadhaa.

Nunua maziwa ya asubuhi hiyohiyo, yaliyobebwa katika chombo cha chuma chenye mdomo mpana. Chupa za plastiki zilizokwisha kutumika kwa maji au soda hazifai, kwani shingo yake ni nyembamba na ndani hazisafishiki. Iwapo una shaka kwamba yametiwa unga ili yaonekane mazito, chemsha kiasi kidogo, acha kipoe, kisha dondoshea tone moja la iodini inayouzwa katika maduka ya dawa. Yakigeuka rangi ya buluu, yana wanga. Maziwa uliyojaribia yamwagwe, yasinywewe.

Kuna kasoro moja ambayo moto hauiondoi, nayo ni mabaki ya dawa za mifugo. Ng'ombe aliyedungwa sindano ya antibiotiki hapaswi kukamuliwa kwa ajili ya kuuza hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Mlaji ana haki ya kumuuliza muuzaji jambo hili waziwazi. Maziwa yaliyochemshwa na kutiwa mbegu nzuri ya mtindi lakini yakakataa kabisa kuganda huenda yana mabaki hayo, na ni sababu ya kutosha ya kumhoji aliyekuuzia.

Kwa nini majani yapite motoni

Giligilani, ambayo wengine huita kotimiri, pamoja na vitunguu vya majani na mnanaa, hukua karibu na ardhi na hunyweshewa maji mara kwa mara. Bustani nyingi za mboga za mjini ziko pembezoni mwa mito na mifereji inayopokea maji machafu ya makazi. Sokoni mafungu hunyunyiziwa maji tena yasinyauke, na mara nyingi maji hayo hutoka katika ndoo moja tangu alfajiri. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka hupunguza uchafu, nasi tunakuhimiza kufanya hivyo, lakini hakuondoi vimelea vyote vilivyoshika kwenye mikunjo ya majani.

Katika kachumbari inayoliwa papo hapo, vimelea vichache huenda visipate nafasi ya kuongezeka. Jibini ni jambo jingine. Ina maji mengi, ina protini, na ikigandishwa kwa limau haiwi chachu kiasi cha kujilinda. Mtindi uliokolea huwa na pH ya karibu 4.5, kiwango kinachovizuia vimelea vingi kuzaliana. Jibini ya limau kwa kawaida hubaki juu ya 5. Msomaji asidanganywe na harufu ya limau. Sehemu kubwa ya uchachu wake huondoka na maji yanayochujwa.

Kimelea kinachotutia wasiwasi zaidi ni listeria, kwa sababu huendelea kuongezeka hata ndani ya jokofu, ingawa polepole. Mwaka 1985, katika Kaunti ya Los Angeles nchini Marekani, jibini laini ya kiwanda kimoja ilihusishwa na wagonjwa 142 wa listeria, na vifo 48 vikaripotiwa. Karibu theluthi mbili ya matukio hayo yalikuwa ya wajawazito na watoto wao. Afrika ya Kusini nayo, katika mlipuko wa mwaka 2017 na 2018 uliotokana na nyama za kusindika, ilipoteza zaidi ya watu 200. Mjamzito aliyeambukizwa anaweza kujisikia kama mwenye mafua tu, huku mtoto aliye tumboni akiwa hatarini. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70, hivyo ni vigumu kwa mtu kukumbuka alichokula. Hata hivyo, listeria hufa kwa moto wa kawaida wa jikoni. Kwa hiyo kila kinachoingia katika jibini kiuone moto huo.

Utengenezaji

Kwa lita 2 za maziwa, andaa vijiko vikubwa 4 hadi 5 vya maji ya limau au ndimu yaliyochujwa mbegu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, na vijiko vikubwa vitatu vya majani yaliyokatwakatwa. Majani yawe giligilani, vitunguu vya majani au mrehani, kwa kadiri upendavyo. Pilipili manga ya unga nayo iwekwe pamoja na majani haya, kwani viungo vikavu navyo hubeba vimelea. Kivumbasi, ambacho wengi wetu tumekizoea kwa kufukuza mbu, kina ladha kali inayofunika maziwa, sisi hatukipendekezi.

Kabla ya yote, chemsha kwa dakika 10 kitambaa cheupe cha pamba utakachochujia, pamoja na kijiko cha chuma na kopo la kioo lenye mfuniko. Viache ndani ya maji hayohayo ya moto hadi utakapovihitaji. Kitambaa kiwe cha kazi hii peke yake, kisiwe kile cha kufutia vyombo.

Bandika maziwa kwenye moto wa wastani na uyakoroge yasishike chini. Hapa panahitaji uangalifu. Utando unaojitengeneza juu huzuia mvuke, maziwa hufura ghafla, na mpishi huyaepua akidhani yamechemka ilhali yamefura tu. Punguza moto, koroga utando, kisha yaache yatokote kweli kwa dakika mbili. Wapo wanaotuuliza kama mwinuko wa Mwanza ni tatizo, maana uso wa Ziwa Victoria upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huku kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Si tatizo. Viwanda husafisha maziwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Moto wetu unazidi viwango hivyo kwa mbali. Iwapo maziwa yatakatika yenyewe yanapochemka, kabla ya kutiwa limau, ujue yalikwisha kuchacha njiani. Usiyatumie kwa kazi hii.

Baada ya dakika mbili hizo, tia majani, kitunguu saumu na pilipili manga ndani ya maziwa yanayotokota, ukoroge kwa dakika moja zaidi. Rangi ya majani itafifia kidogo. Ladha yake huingia katika maziwa yenyewe, na baadhi ya walioonja aina zote mbili wameipenda hii zaidi; wengine wamelalamika kwamba giligilani imepoteza ukali, nasi hatuwezi kuwabishia. Zima moto. Mimina maji ya limau kidogokidogo huku ukikoroga taratibu, na usimamishe mara mapande meupe yatakapojitenga na maji yenye rangi ya manjano ya kijani. Limau likizidi, jibini huwa ngumu na chachu. Iache itulie kwa dakika 10.

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama uliiosha mwanzoni. Tandaza kitambaa juu ya chujio, mimina, funga ncha zake na ukining'inize kwa muda wa saa moja. Wengi hupenda kuiacha usiku kucha ili ikauke. Katika joto la Mwanza, usiku kucha ni muda wa kutosha kwa vimelea vichache vya mkononi kuwa vingi mno. Ukitaka iliyo kavu zaidi, iminye kwa kijiko. Maji yaliyochujwa usiyamwage yote: bakiza vijiko vichache, na yanayobaki yatafaa kwa uji wa siku hiyohiyo.

Weka jibini katika bakuli lililosuuzwa kwa maji yanayochemka, tia chumvi, uiponde kwa kijiko cha chuma huku ukiongeza maji yake kidogokidogo hadi ilainike na kupakika. Kinu cha mbao hakifai, kwani nyufa zake hushika mabaki ya vyakula vya jana. Utapata takriban gramu 300 hadi 400, kutegemea mafuta ya maziwa.

Kuhifadhi

Ijaze katika kopo la kioo, andika tarehe, na uiweke mara moja nyuma ya jokofu, mbali na mlango, penye nyuzi 4 au 5. Ile ndani ya siku tatu. Chukua sehemu ya kutosha mlo mmoja na uirudishe iliyobaki. Iliyokaa mezani kwa zaidi ya saa mbili itupwe. Umeme ukikatika, jokofu ambalo halijafunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Baada ya hapo tusiitegemee pua, kwa maana listeria na brusela hazibadilishi harufu wala rangi. Asiye na jokofu atengeneze kwa nusu lita, kiasi cha kuliwa papo hapo.

Wapo wanaofunika jibini kwa mafuta ya kula wakiamini kwamba mafuta huhifadhi. Mafuta huzuia hewa tu, na kimelea kinachosababisha sumu ya botulizimu hustawi pasipo hewa. Mbegu zake, ambazo hupatikana udongoni na hivyo kwenye kitunguu saumu, hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida. Usifunike jibini kwa mafuta, na usiongeze siku.

Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu wale jibini hii siku ileile ilipotengenezwa, au wasiile kabisa kama hawana uhakika na namna ilivyoandaliwa. Mtu yeyote aliyekula jibini au kunywa maziwa yasiyochemshwa, kisha akapata homa isiyoisha, amweleze mganga jambo hilo bila kusubiri kuulizwa. Sentensi hiyo moja inaweza kuamua ni kipimo gani kitafanyika.

Anayetaka kuuza

Maelekezo haya ni ya matumizi ya nyumbani. Mara jibini inapouzwa, hata kama ni makopo matano kwa majirani wa Kirumba au Igoma, inakuwa bidhaa ya chakula. Tangu mwaka 2019 jukumu la usalama wa chakula, lililokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, lipo Shirika la Viwango Tanzania, ambako hushughulikiwa usajili wa majengo na wa bidhaa. Wadau wa maziwa husajiliwa pia na Bodi ya Maziwa, chini ya sheria ya mwaka 2004. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia ofisi ya SIDO ya mkoa, akiwa na maelezo ya chanzo cha maziwa yake, namna anavyoyachemsha, na mahali anapohifadhia jibini usiku.