Filamu ya Wimbo Iliyokaribia Kuharibiwa

Nyimbo nyingi huvuma mwaka mmoja, kisha zasahauliwa. Leo twajifunza habari za filamu moja ya wimbo ambayo imepita umri wa miaka 40, na watu wangali wakiitazama. Ndiyo "Thriller" ya Michael Jackson, mwimbaji wa Marekani. Twauliza: imedumu kwa sababu gani?

Santuri yenye wimbo huo ilitolewa mwaka 1982. Siku zile filamu za nyimbo zilikuwa za dakika chache tu, nazo zilifanywa ili santuri inunuliwe. Jackson alimwita John Landis, mtengenezaji wa sinema, wakafanya kisa kizima cha dakika zipatazo 14: kijana ageuka mnyama mbele ya msichana wake; maiti watoka makaburini; naye kijana acheza ngoma pamoja nao njiani. Televisheni ya MTV iliionyesha tarehe 2 Desemba 1983.

Wengine husema kwamba kisa ndicho kilichowavuta watu. Ni kweli, lakini haitoshi, maana visa vya kutisha ni vingi mno, navyo vimesahauliwa. Sisi twaona kwamba sababu kubwa ni ngoma yenyewe. Michael Peters, aliyeitunga pamoja na Jackson, aliwapa wale maiti hatua ambazo mtu wa kawaida aweza kujifunza: bega lapandishwa, kichwa chatupwa upande, mikono yainuliwa kama makucha. Basi watu hawakutosheka kutazama, waliicheza wenyewe. Mwaka 2007 wafungwa wapatao 1,500 waliicheza katika ua wa gereza la Cebu, nchi ya Ufilipino, wakiwa na nguo zao za rangi ya machungwa. Jackson alifariki Juni 2009, na mwezi wa Agosti watu zaidi ya 13,000 waliicheza pamoja katika mji wa Mexico City. Kitu kilichoingia mikononi na miguuni hakitoki upesi. Kila mwalimu wa watoto ajua jinsi washikavyo wimbo wa kupiga makofi, na ule wa kukaa kimya wausahau kabla ya kufika nyumbani.

Lakini filamu hii ilikaribia kutoonekana kabisa. Siku zile Jackson alikuwa mmoja wa Mashahidi wa Yehova, na wazee wa kusanyiko lake walichukizwa na habari za maiti na mazimwi. Wakili wake, John Branca, alisimulia baadaye kwamba kijana yule alifadhaika sana, akaagiza filamu iharibiwe kabla watu hawajaiona. Branca akamshauri yaandikwe maneno mwanzoni, ya kwamba kwa ajili ya imani yake mwimbaji, filamu haiungi mkono mambo ya uchawi na mizimu. Akakubali, filamu ikapona. Mwaka 1987 alijitenga na Mashahidi.

Mwaka 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya sinema za kuhifadhiwa, nayo ndiyo filamu ya kwanza ya wimbo kuingia humo. Maneno yale yaliyoandikwa yangalipo mwanzoni. Ila wale wa Cebu na wa Mexico City hawakuwa na haja nayo. Walianza pale miguu ianzapo kucheza.