Dondoo muhimu: riwaya ya kwanza ya taharuki na wasomaji wa mtandaoni

Mwandishi chipukizi wa Makorora, jijini Tanga, anayetoa riwaya yake ya kwanza ya taharuki, yaani hadithi inayomweka msomaji roho juu hadi siri ifichuke, hurithi hadhira iliyojengwa na *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965) na visa vya mpelelezi Willy Gamba vilivyotungwa na Elvis Musiba. Kwa hiyo asianze kwa kutangaza bei, bali aweke sura za mwanzo kwa mfululizo katika Facebook au kundi la WhatsApp, akikatiza pale fumbo linapokaza, na arudi siku ileile aliyoahidi, kwani msomaji anayengojeshwa bila taarifa huhama.

Kuambatanisha sura hizo na picha za mahali halisi husaidia sana, hasa mapango ya Amboni ya hukohuko Tanga, ambayo simulizi za Osale Otango, anayesimuliwa kuwa alijificha humo, zimekwisha kuyapa sifa ya maficho.

Wasomaji wanaokosoa sura hizo mtandaoni wajibiwe kwa adabu.

Muhimu kuliko yote, kazi isajiliwe mapema COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, kwa sababu nakala ya PDF ikishasambazwa kundi kwa kundi haizuiliki tena, na anayedai bila ushahidi wa maandishi hupata taabu kusikilizwa.