MAZIWA YA MAMA YAPIMWAJE?

Katika mashamba ya Ziwa, karibu na mji wa Eldoret, mfugaji hukamua ng'ombe wake asubuhi, akamimina maziwa katika kipimo, akajua amepata lita ngapi. Maziwa ya mama hayaonekani hivyo, kwa kuwa hutoka kifuani na kuingia moja kwa moja kinywani mwa mtoto. Kwa sababu hiyo akina mama wengi, wamsikiapo mtoto akilia, hudhani kwamba maziwa yamepungua, wakaanza kumpa uji au maziwa ya ng'ombe kabla ya wakati wake. Yafaa basi tujifunze jinsi ya kuyakadiria.

Njia ya kwanza ni mizani. Mtoto hupimwa kabla ya kunyonya, kisha hupimwa tena mara amalizapo, akiwa na nguo zile zile na nepi ile ile, hata kama ameilowesha. Tuseme kwanza alikuwa na gramu 4,850, na baadaye 4,930. Amekunywa gramu 80, yaani karibu mililita 80. Lakini tusizidishe 80 kwa mara 8 tukasema tumepata hesabu ya siku. Mtoto yule yule aweza kunywa 80, 110, 65, 95, 120, 70, 100 na 110. Jumla yake ni 750, wala si 640. Hivyo hapana budi kupima kila anyonyapo, mchana na usiku, kwa mizani ionyeshayo tofauti ya gramu chache. Mizani ya kuning'iniza yenye alama za gramu mia mia haifai kwa kazi hii.

Njia ya pili ni ya wataalamu. Mama hunywa kipimo kidogo cha maji yenye haidrojeni nzito, yasiyomdhuru; kisha mate yake na ya mtoto huchunguzwa kwa muda wa siku 14. Maji hayo yaliyomfikia mtoto huonyesha amenyonya maziwa kiasi gani. Mwaka 2005 watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walichapisha habari za kupima hivyo maziwa ya akina mama wa Pokot.

Mtoto mwenye afya anyonyaye maziwa ya mama peke yake, tangu mwezi wa kwanza hata wa sita, hunywa kwa wastani gramu 750 hadi 800 kwa siku.

Mama aliye nyumbani na atazame ishara hizi: mtoto hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, hurudia uzito wake wa kuzaliwa kabla ya majuma mawili kupita, na baadaye huongezeka gramu 500 au zaidi kila mwezi. Ukubwa wa matiti si kipimo, wala maziwa yakamuliwayo kwa mkono.

Tena ikumbukwe kwamba maziwa hufanyika kwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto aliyeshibishwa uji hunyonya kidogo, na ndipo maziwa hupungua kweli. Hivyo hofu ya mama huleta jambo lile lile aliloliogopa. Baba na nyanya wamtie moyo mama anyonyeshe mara nyingi, usiku pia. Lakini mtoto asiyeongezeka uzito, au akojoaye kidogo, apelekwe kwa mganga upesi.