Tetemeko Si Risasi: Somo kwa Familia Zilizokimbia Vita na kwa Wenyeji Wao

Familia iliyokimbia vita haihitaji kufundishwa namna ya kukimbia. Watu waliofika Wamaza na vijiji vilivyo kati ya Kasongo na Kabambare, wengine kutoka pande za Salamabila, wengine kutoka Tanganyika wakati mapigano ya Watwa na Waluba yalipozidi mwaka 2016 na 2017, wana mazoea yao tayari. Usiku bunduki zikilia, kila mtu hulala chini karibu na ukuta. Taa huzimwa, watoto hunyamazishwa, na mlango haufunguliwi mpaka sauti zitulie. Hatari ikikaribia zaidi, watu hutoka na kuingia porini, mbali, na mara nyingine kila mmoja kwa njia yake.

Mazoea haya yameokoa maisha ya wengi. Lakini siku ardhi itakapotetemeka, yanaweza kuua. Ukuta wa matofali mabichi uliokuficha usionekane na mwenye bunduki ndio huohuo utakaokuangukia. Na mtoto aliyekimbilia porini peke yake, akidhani ni vita, anaweza kupotea wakati wazazi wake wamesimama wazima uani. Kwa hiyo somo hili linahusu jambo moja hasa: jinsi familia na viongozi wanavyoweza kutenganisha hatari hizi mbili kabla ya siku yenyewe.

Je, hatari hii inatuhusu?

Wengine watasema matetemeko ni mambo ya Goma na Bukavu. Kuna ukweli katika neno hilo. Bonde la Ufa linapita katika maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, na ardhi ya pande mbili za bonde hilo inaachana polepole, milimeta chache kila mwaka. Miamba hukaza kama kamba inayovutwa, kisha siku moja hukatika, na huo mkatiko ndio tunaousikia kama tetemeko. Maniema ya kusini iko magharibi ya bonde hilo, wala hatari yake si sawa na ya Uvira au Bukavu.

Hata hivyo haiko mbali. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7 lilitokea upande wa kusini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika. Tarehe 11 Septemba 1992 tetemeko lilibomoa nyumba na kuua watu huko Kabalo, mahali ambapo kwa mstari ulionyooka ni chini ya kilometa 200 kutoka Kasongo. Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 19 mchana, Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa ukubwa wa 6.8. Nyumba zilianguka Kalemie na watu walikufa, na mtikiso ulisikika hata Nairobi na Dar es Salaam. Lilitokea mchana, watu wengi wakiwa nje. Lingetokea saa nane za usiku, hesabu ingekuwa nyingine. Na tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda, na katika wilaya ya Rusizi kanisa liliwaangukia waumini waliokuwa ndani.

Kuna sababu nyingine. Wengi wa wageni walioko Wamaza wana tumaini la kurudi kwao, na kwa baadhi yao kwao ni karibu na ziwa. Wanachojifunza hapa watakwenda nacho.

Nyumba ndiyo inayoua

Mtikiso wa ardhi wenyewe hauui mtu aliyesimama uwanjani. Kinachoua ni ukuta na paa. Nyumba ya matofali mabichi huachana kwanza kwenye pembe, kisha ule ukuta wa pembetatu ulio juu kabisa, chini ya paa, hudondoka. Nyumba ya miti iliyokandikwa udongo na kuezekwa nyasi hupinda, hulia, hudondosha vipande vya udongo, lakini kwa kawaida haimfuniki mtu kwa uzito uleule. Kwa hiyo kibanda ambacho mgeni anakionea haya huenda ni salama kuliko nyumba ya tofali ya mwenyeji wake. Tunasema hivi si kwa kudharau tofali, ila tumeona familia zikikimbilia kujenga kuta ndefu za tofali kwa sababu ya heshima tu.

Anayejenga kwa tofali bichi akumbuke kipimo kimoja: urefu wa ukuta usizidi mara nane ya unene wake. Ukuta wenye unene wa sentimeta 30 usipite meta 2 na sentimeta 40. Milango na madirisha yakae mbali na pembe. Juu ya milango, zungusha miti au mbao zilizofungwa pamoja kwenye pembe zote, kama mshipi unaoshika kiuno cha nyumba.

Na asiyejenga, aliyepewa chumba tu? Huyu naye ana kazi, na nyingi hazigharimu pesa. Ateremshe mawe yaliyowekwa juu ya manjanja kuzuia upepo, na badala yake manjanja yafungwe kwa waya. Asipange kinu, gunia la mihogo wala bidoni iliyojaa mahali palipo juu ya vichwa vya wanaolala. Kitanda au mkeka usogezwe mbali na ukuta uliopasuka na mbali na ule ukuta wa pembetatu. Chini ya ukuta, maji ya mvua yasituame, kwa maana tofali bichi lililolowa miaka mitatu halina nguvu tena hata kama juu linaonekana zuri.

Maneno mawili, njia mbili

Fundisheni watoto maneno mawili tofauti. Mtu mzima akisema "Risasi!", kila mmoja analala chini. Akisema "Tetemeko!", hakuna kulala kando ya ukuta. Mtoto aonyeshwe tofauti: risasi inasikika masikioni, lakini tetemeko linasikika miguuni. Sufuria zinagongana, maji yanacheza ndani ya beseni, manjanja yanapiga kelele bila upepo.

Kama uko ndani ya nyumba ya matofali mabichi na mlango uko hatua chache tu, toka mara moja na uende mahali pa wazi, mbali na kuta. Kama mlango uko mbali, au njia ina giza na vyombo, usipite katikati ya vitu vinavyoanguka. Ingia chini ya meza au kitanda imara, funika kichwa na shingo kwa mikono. Mwenye mtoto mchanga ainame juu yake. Kanisani, msikitini au shuleni, mamia wakikimbilia mlango mmoja watakanyagana. Huko ni afadhali kuinama chini ya benchi mpaka mtikiso upite. Mara nyingi ni chini ya dakika moja, ingawa itaonekana ndefu sana. Wanaochimba dhahabu watoke shimoni mara tu wanaposikia mtikiso, nao wasirudi siku hiyo.

Mahali pa kukutana pia pawe pawili. Kwa vita, familia inajua njia yake. Kwa tetemeko, chagueni mahali pa karibu, penye uwazi: uwanja wa mpira au kiwanja cha soko. Semeni nani atamchukua bibi asiyeweza kutembea, na nani atakwenda shuleni. Mwenye mbabula iliyowaka amwage mchanga au majivu juu yake kama anaweza kufanya hivyo bila kubaki ndani.

Kadi ya uchaguzi, karatasi za kuzaliwa za watoto na daftari la kliniki vitiwe katika mfuko wa plastiki, vifungwe katika kikwembe kimoja karibu na mlango. Familia nyingi za wakimbizi wa ndani hufanya hivi tayari kwa ajili ya vita, na hapa mazoea ya zamani yanasaidia. Ongezeni bidoni moja ya maji safi yenye kifuniko, maana kisima kinaweza kuchafuka baada ya mtikiso, na maji yake yachemshwe kabla ya kunywewa.

Mgeni atasemaje kwa mwenye nyumba?

Hapa ndipo penye ugumu. Mama aliyepokewa bure katika chumba cha nyuma hawezi kwa urahisi kusema, "Baba, ukuta wako umeinama." Ataonekana hana shukrani. Mwenyeji naye anaogopa kwamba mgeni akitengeneza ukuta, kesho atadai nyumba. Kwa hiyo wote wawili wananyamaza, na ukuta unazidi kuinama.

Inafaa kuanza na mikono badala ya lawama. "Baba, sisi tunaokaa kwako tuna nguvu ya kufanya kazi. Ukikubali, wiki hii tutachimba mfereji wa maji nyuma ya nyumba." Maneno ya namna hiyo hayamvunjii mtu heshima. Kisha, mbele ya shefu wa kijiji au mzee anayeaminiwa na pande zote mbili, waseme wazi: kazi hii haimpi mgeni haki ya kiwanja, na nyumba ikianguka kwa tetemeko, mgeni hatadaiwa malipo. Waseme pia familia italala wapi siku hiyo. Makubaliano ya dakika kumi leo yanazuia ugomvi ambao ungegeuka kuwa wa kabila na kabila.

Jambo jingine linahitaji viongozi wa dini. Baada ya msiba watu hutafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi jicho huangukia mgeni au mama mzee asiye na mtetezi. "Wageni wameleta mkosi." "Yule kizee ni mchawi." Mapadri, wachungaji na maimamu waeleze tangu sasa kwamba ardhi ilitikisika hapa kabla mgeni yeyote hajafika, na kwamba hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Kwa hiyo anayepita akitangaza, "Jingine litakuja saa sita usiku," hajui kitu. Lakini mitikiso midogo hufuata kwa siku au majuma, na nyumba iliyopasuka isilaliwe.

Hiyo ina maana watu watalala nje, wenyeji na wageni pamoja. Kamati ipange mapema sehemu ya wanawake na watoto, njia ya choo yenye mwanga, na walinzi kutoka pande zote mbili. Wasichana wasiachwe pembeni mwa uwanja.

Nani analala wapi?

Ukuta ukianguka, wa kwanza kufukua ni jirani, kwa mikono na jembe. Wakati wa mvua, ukijua hali ya barabara zetu, usitegemee gari la msaada kufika siku hiyo. Jirani anajua kwamba mle ndani mna baba, mama na watoto wanne. Je, anajua kwamba tangu mwezi uliopita familia nyingine imelala chumba cha nyuma? Asipojua, atafukua sita na kuondoka.

Hata hivyo, orodha ya majina huwatisha wakimbizi, na wana sababu. Wameona orodha zikitumiwa kutoza, kuandikisha vijana kwa nguvu, au kugawa misaada kwa upendeleo. Kwa hiyo hatushauri kuandika majina. Idadi inatosha: kila mama katika nyumba kumi ajue kichwani mwake ni watu wangapi wanalala katika kila chumba, na wanapohama waambizane.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Mara ya mwisho bunduki ziliposikika, kila mmoja nyumbani kwako alifanya nini? Ni lipi kati ya hayo lingekuwa la hatari katika tetemeko?

Nani katika kijiji anaweza kumwambia mwenye nyumba kwamba ukuta wake ni mbovu, naye asikasirike?

Wawili wenu waigize mgeni na mwenyeji wakifanya makubaliano mbele ya shefu. Baadaye wabadilishane nafasi.

Usiku huu, katika nyumba iliyo mkono wako wa kuume, wanalala watu wangapi?